Mtepe, Marshmallow na majina ya matoleo

Mwaka jana tulikuwa watu saba kwenye kundi la WhatsApp, tunatengeneza kamusi ndogo ya simu kwa wanafunzi wa sekondari. Kazi ya kujitolea, hela hamna. Toleo la kwanza lilipokaribia, mmoja akauliza: tunaliita nini? Hakuwa na maana ya kamusi, hiyo ilishapata jina. Alikuwa anauliza kuhusu toleo. Nilidhani ni suala la dakika tano. Tukabishana siku nne, kuliko tulivyowahi kubishana juu ya maana ya neno lolote mle ndani.

Kwa asiyeijua desturi hii: watengeneza programu wengi hulipa kila toleo lijalo jina la kazi kabla halijatoka, na majina hayo huchotwa katika fungu moja. Kuna fungu la wanyama, la vitamutamu, la wahusika wa filamu. Tangu ubishi ule nimekuwa nikiyasoma mafungu haya kama ninavyosoma diwani. Kila moja lina mtunzi wake, lina bahari yake, na lina msomaji aliyekusudiwa. Huyo wa mwisho ndiye ninayemtafuta.

Tuanze na Debian, mfumo huria wa kompyuta, maana hapo jina lilikuja kwa shida na si kwa mapambo. Mwishoni mwa 1995 muuzaji mmoja wa CD aliichukua kazi yao ikiwa mbichi, akaiuza kama toleo 1.0. Wenyewe ikabidi wairuke namba hiyo. Toleo lililofuata, la Juni 1996, likawa 1.1, na jina lake la kazi ni Buzz. Wahenga walitukanya kununua mbeleko kabla ya mtoto kuzaliwa, na hilo ndilo kosa la namba: inaahidi kwamba kitu kimekamilika. Jina haliahidi. Linaweza kukaa na kazi mbichi hata miaka miwili bila kumdanganya mtu.

Buzz ni mwanasesere wa filamu ya Toy Story. Bruce Perens, aliyekuwa akiiongoza Debian wakati huo, alikuwa mfanyakazi wa Pixar, kampuni iliyoitengeneza filamu hiyo. Hadi leo matoleo yao yote ni wahusika wa filamu hizo: Woody mwaka 2002, Jessie 2015, Bookworm 2023. Lakini uzuri wa fungu hili uko kwa Sid, yule mtoto wa jirani anayevunjavunja midoli. Jina lake wamelipa tawi la majaribio, lile lisilotolewa kamwe kama toleo, ambako mambo huharibika kila siku. Hapo jina linafanya kazi. Ukiijua hadithi, umeshaonywa.

Kasoro yake ni moja, nayo si ndogo: halina mpangilio. Niambie, kati ya Stretch na Buster, nani alitangulia? Lazima ukariri. (Ni Stretch, 2017. Buster alikuja 2019.)

Ubuntu, ambayo imejengwa juu ya Debian, ilitibu kasoro hiyo. Jina lenyewe ni neno la lugha za Kinguni, ndugu wa damu wa neno letu “utu”, na mwanzilishi wake, Mark Shuttleworth, ni wa Afrika Kusini. Toleo la kwanza, Oktoba 2004, liliitwa Warty Warthog, yaani ngiri mwenye chunjua. Kila toleo ni kivumishi na mnyama, vyote vikianza kwa herufi moja, na tangu 2006 herufi zinafuata alfabeti. Walipofika Z mwaka 2017 wakarudi A, kwa muhanga: Artful Aardvark.

Ni mchezo wa vina vya mwanzo, na mtu aliyelelewa na mashairi hawezi kuuchukia. Tena wanyama wengi ni wa huku kwetu. Precise Pangolin, la 2012, ni kakakuona, na kwa bahati Kiswahili kinampa kivumishi kinachomkaa sawasawa: Kakakuona Kamili. Nilijaribu na wengine nikakwama haraka. Lugha yetu huweka kivumishi nyuma ya nomino na kukivalisha ngeli, hivyo kiboko anakuwa mkubwa na kina kinavunjika palepale. Mchezo ule umeshonwa kwa kipimo cha Kiingereza. Wanyama ni wetu, ila msomaji aliyekusudiwa ni mwingine.

Apple sitawakalia sana. Kuanzia 2001 walitumia jamii ya paka wakubwa: duma, chui, simba. Akiba ilikuwa ndogo. Puma na Mountain Lion ni mnyama yuleyule, ila wao ni matoleo mawili, la 2001 na la 2012. Mwaka uliofuata wakahamia majina ya mahali huko California. Fungu lisilohesabiwa kabla ya safari huishia njiani.

Android ndiyo iliyonigusa. Kuanzia Cupcake mwaka 2009, walikwenda kwa vitamutamu na kwa alfabeti, safi kabisa, hadi Pie mwaka 2018. Mwaka 2019 wakaacha kuyatangaza majina hayo, likaja Android 10 tupu. Maelezo yao yalikuwa ya kiungwana: kuna lugha ambazo wasemaji wake hawatofautishi L na R wakitamka, pie si kitamutamu kila mahali, na marshmallow hailiwi na kila mtu duniani. Sisi tulio na jamaa wanaoomba karamu wakitaka kalamu tunaelewa. Mimi mwenyewe, simu yangu iliponiambia ina Marshmallow, nilidhani ni aina ya uyoga. Simu ilikuwa yangu, nimeinunua kwa jasho langu, lakini meza iliyoandaliwa mle ndani haikuwa yangu. Majina hayakufa: ndani ya ofisi waliendelea nayo, toleo la 13 wakiliita Tiramisu. Jina la kazi likarudi kazini, basi.

Sasa nirudi kwenye kundi letu. Mimi ndiye niliyeshinda ule ubishi. Nilipendekeza vyombo vya bahari, na toleo la kwanza liwe Mtepe, kile chombo cha kale cha pwani kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja. Niliandika aya tatu za kujisifu: programu iliyoshonwa kwa mikono, urithi, na kadhalika. Wote wakapiga makofi ya emoji. Kisha dada mmoja wa Kigoma, ndiye aliyekuwa ameingiza maneno mengi kuliko sisi sote, akaandika: “Samahani kaka, mtepe ni nini?”

Jamani. Niliona aibu ambayo bado haijaisha. Nilikuwa nimemfanyia yeye kile nilichofanyiwa na Marshmallow, tena nikitumia lugha yake. Mtepe hata pwani hautumiki tena. Zimebaki picha, mifano na simulizi. Nilikuwa nimechagua neno la kunipendeza mimi, nikamwalika mtu wa ziwani aje alishangilie.

Ndiyo maana nasema fungu la majina si pambo. Ni orodha ya waalikwa. Mpangilio ni muhimu, akiba ni muhimu, utamkaji pia, lakini swali la kwanza ni nani atalisikia jina hili bila kuhitaji kuelezwa.

Tulibadilisha. Toleo la kwanza likawa Mtumbwi, neno linaloelea Lamu na linaloelea Kigoma, na majina yanakua kwa ukubwa wa chombo: Mtumbwi, Mashua, Jahazi, Meli. Huhitaji alfabeti kujua kipi kilitangulia. Si fungu kamilifu. Kuna mwenzetu wa Dodoma aliyeuliza wasio na maji waende wapi, na sikuwa na la kumjibu.

Lakini wiki ya pili baada ya kutoka, dada yule wa Kigoma alituma ujumbe mfupi kwenye kundi. Ukitafuta neno lolote lenye ng', programu ilikuwa inazima. Hakuandika namba ya toleo. Aliandika: “Mtumbwi unavuja kwenye ng'.” Wote saba tukaelewa, na kabla ya magharibi tukawa tumeziba.