Msaidizi na Usukani: Uhakiki wa Maneno ya Kuamuru Klasta za Kontena

Mafundi wa kompyuta wamezoea kuchukua majina yao baharini. Programu iitwayo Kubernetes, ambayo kampuni ya Google iliitoa wazi kwa watu wote mwaka 2014, ina jina la Kiyunani lenye maana ya mshika usukani. Kazi yake ni kuziongoza kontena, yaani vifurushi ambamo programu hufungwa pamoja na vyote inavyohitaji, katika mashine nyingi zilizoungwa zikawa kama moja. Nazo mashine hizo kwa jumla huitwa klasta. Jina limechaguliwa vizuri, na msomaji wa pwani hana haja ya kufasiriwa. Yeye anaye nahodha, neno lililotoka Uajemi, na huyo ndiye mkuu wa chombo. Anaye rubani, neno la Kiarabu, na huyo ndiye ajuaye njia. Tena anaye mshika usukani, ambaye hugeuza chombo akiambiwa. Ni kazi tatu, wala si moja, ingawa katika chombo kidogo mtu mmoja aweza kuzifanya zote.

Nayataja haya kwa sababu siku hizi ameongezwa mtu wa nne, naye ameitwa "msaidizi". Huyu ni programu ya akili bandia (wengine husema akili unde, wengine akili mnemba, ugomvi huo nauacha kwa leo). Tangu Novemba 2024, kampuni ya Anthropic ilipotangaza itifaki iitwayo Model Context Protocol, imekuwa rahisi kumuunganisha msaidizi wa namna hii na vyombo vya kazi vilivyomo katika kompyuta ya fundi. Programu za mezani za kusimamia klasta hazikubaki nyuma: Headlamp, kwa mfano, ilipata msaidizi wake mwaka 2025. Fundi huuliza kwa lugha ya kila siku, "Mbona programu hii yaanguka kila mara?", na msaidizi husoma taarifa za klasta akajibu. Faida yake siikani. Aliyewahi kukesha akipekua maelfu ya mistari ili apate mmoja wenye kosa hatamdharau mwenzi asiyechoka kusoma.

Walakini neno "msaidizi" halisemi huyu humsaidia nani. Je, ni msaidizi wa rubani, mwenye kutazama na kushauri? Au amepewa usukani wenyewe? Neno moja limefunika kazi mbili zisizofanana, na kwa maoni yangu kosa la lugha limekuwa kosa la ufundi.

Tazama kwanza jambo la nafsi. Programu ya mezani huifikia klasta kwa faili moja iliyo katika kompyuta ya fundi; humo mna anwani ya klasta na hati za kumtambulisha mwenyewe, na mara nyingi mna klasta kadhaa, ya majaribio na ya kazi, zimewekwa pamoja. Msaidizi akiunganishwa bila matayarisho, huingia kwa hati hizo hizo. Akifuta kitu, daftari la ukaguzi la klasta, kama limewekwa, litaandika kwamba fundi ndiye aliyefuta. Lugha yetu ni kali katika jambo hili: mara nyingi kitenzi cha kutenda humtaja mtendaji ndani yake. "Nimefuta" si "amefuta". Daftari linaloandika "nimefuta" mahali pa "amefuta" halina faida kwa atakayekuja kuuliza kesho nani alifanya nini.

La pili ni vitenzi vyenyewe, na hapa wataalamu wa lugha watapata la kushangaza, maana waliotunga Kubernetes wameziita ruhusa zao kwa jina hilo hilo: vitenzi. Vipo vya kupata, kuorodhesha, kutazama, kuumba, kubadili, kutia kiraka na kufuta. Ruhusa hujumlishwa tu. Hakuna kanuni ya kukanusha, kana kwamba lugha hiyo haijui "si" wala "ha-". Mtu hawezi kuandika "asome yote ila siri"; hana budi kutaja kimoja kimoja kile kinachoruhusiwa. Tena maana za vitenzi si zile ambazo sikio hudhani. "Kuorodhesha" kwadhaniwa ni kuhesabu majina. Lakini aliyeruhusiwa kuorodhesha siri za klasta, yaani maneno ya kupitia na funguo za hazina za data, huletewa na yaliyomo ndani yake. Yeye aliyedhani amempa msaidizi ruhusa ya kuhesabu makasha, kumbe amempa na mali. Na ikiwa akili hiyo bandia yakaa katika mashine za kampuni ya mbali, mali imekwisha kutoka nyumbani.

"Kufuta" nako hutegemea yambwa. Futa podi, ambayo ni kipande kidogo kabisa kinachobeba kontena, na kwa kawaida mfumo utaweka nyingine mahali pake, wala hakuna atakayelia. Futa eneo zima lililopewa jina lake, na vilivyomo vyote vitakwenda nalo. Kitenzi ni kimoja. Msiba si mmoja.

Jambo la tatu ndilo linaloniogopesha zaidi. Msaidizi husoma maandishi ambayo hakuyaandika fundi: taarifa za makosa, majina, maelezo, hata maneno yaliyoletwa na mgeni aliyeitembelea programu kutoka nje. Mgeni mwenye hila aweza kutia humo sentensi ya amri. Msomaji wa kibinadamu akiona "futa vyote" ndani ya taarifa, ajua kwamba ni maneno yaliyonukuliwa. Msaidizi hupokea yote katika mkondo mmoja, na hana alama za usemi za kuaminika za kumtenganishia aliyeamuru na aliyetajwa tu. Hata fundi mwenyewe aweza kumpotosha: "Podi hii ifutwe" na "Podi hii ifutwe?" katika maandishi zatofautiana kwa alama moja, wakati katika usemi sauti ingetosha.

Watunga itifaki waliliona jambo hili. Tangu 2025 kila chombo chaweza kubandikwa alama ya kwamba husoma tu, au kwamba huharibu. Lakini wao wenyewe wameziita alama hizo madokezo, nao wameonya kwamba dokezo la mtu usiyemwamini lisiaminiwe. Kizuizi cha kweli ni kile kilichoandikwa katika klasta yenyewe: msaidizi apewe jina lake mbali na la fundi, apewe vitenzi vya kusoma katika eneo moja, siri zisiwemo, na badiliko lolote aliandike kama pendekezo ambalo mtu atalisoma kabla ya kulipitisha.

Kwa hiyo napendekeza tuache "msaidizi" kwa mambo ya jumla. Anayesoma na kushauri aitwe mshauri. Aliyepewa uwezo wa kutenda aitwe wakala. Najua watakuwako watakaosema kwamba wakala, huku Tanzania, ni mtu wa kibanda cha fedha za simu. Ndiyo, na ndiyo sababu nimelichagua. Mtu huyo ana fedha mkononi na mashine mbele yake, lakini hawezi kutoa fedha katika akaunti ya mteja mpaka mteja mwenyewe ashike simu yake aandike namba ya siri.