Ukuta wa Mabati Husomwa Pembezoni

Ukitaka kujua kama nyumba ya mabati imejengwa na fundi au imefungwafungwa tu, usisimame mbele yake. Nenda kwenye kona, weka jicho karibu na bati, kisha tazama urefu wote wa ukuta hadi kona ya pili. Fanya hivyo mwendo wa saa kumi na moja jioni, jua likiwa chini. Mwanga wa ubavuni hauna huruma: mbao iliyopinda, msumari uliopigwa kupita kiasi, bati lililolazimishwa kukaa, kila kimoja kitatoa kivuli chake. Ukuta mzuri una migongo inayopanda wima kufuata timazi, na vichwa vya skrubu vimejipanga mstari mmoja kwa sababu aliyevifunga alivuta uzi kabla ya kutoboa.

Nazungumzia zile nyumba ndogo ambazo Wakenya wengi hujijengea wenyewe, chumba kimoja au viwili, kwenye ploti za Kitengela, Joska, Ruiru na viunga vya Nakuru: slabu ya saruji, fremu ya mbao, mabati kuanzia chini hadi juu. Watu huziita za muda, na kwa kuwa zimeitwa za muda, kazi yake nayo hufanywa ya muda. Sikubaliani na hilo hata kidogo. Nairobi yenyewe, ilipoanza kama kambi ya reli mwaka 1899, ilikuwa mji wa mbao na mabati. Na katika miaka ya 1960 na 1970 wanawake wa mashambani walichangishana katika vikundi vilivyojulikana kama vikundi vya mabati, ili kila mmoja aondoe nyasi na kuezeka bati. Watu waliolitolea jasho namna hiyo walijua thamani yake. Nyumba ambamo mtoto atasomea mpaka amalize shule inastahili kujengwa kwa akili ileile inayotumika kwenye mawe.

Katikati ya bati hakuna cha kuhukumu, kiwanda kimeshamaliza kazi yake hapo. Ufundi wa anayejenga unaonekana pale bati linapoishia: chini kwenye slabu, kwenye kona, kando ya dirisha, chini ya paa, na kwenye kila tundu alilolitoboa. Maji huingilia huko, na kutu huanzia huko.

Kabla ya bati kuna fremu, na fremu mbaya haifichiki. Mkalitusi mbichi ni rahisi kupata na rahisi kugongomea, lakini ukikauka ukutani hujipinda na kusinyaa, misumari ikalegea, bati likaanza kugonga usiku upepo ukivuma. Mbao iliyokauka ndiyo kauli ya kwanza ya ubora. Bati la ukutani husimama wima, kwa hiyo linashikiliwa na mbao za kulala, na nafasi kati ya mbao moja na nyingine isipite sentimita 90 hivi. Kwa bati jembamba afadhali 60. Sukuma kwa kiganja katikati ya mbao mbili. Bati linaweza kubonyea kidogo, ila lisilie kwa kuingia na kutoka. Kisha tegemeza bega kwenye fremu ya mlango na usukume. Nyumba ikiyumba, mwenye kujenga alisahau mbao za mshazari kwenye kona, akategemea mabati yamshikie nyumba. Yatamshikia kwa muda, mpaka matundu ya misumari yapanuke.

Kuhusu bati lenyewe, neno la hadwea ni geji, na wengi wanajua kwamba namba ikipanda bati linapungua unene: geji 30 ni takriban milimita 0.3, geji 28 takriban 0.4. Desturi ni kuweka bati nene juu na jembamba ukutani. Naielewa, kwa sababu paa ndilo hukanyagwa na kubeba mvua, lakini ukuta ndio hugongwa na baiskeli, mpira, mbuzi na kiti kinachosukumwa nyuma. Geji 30 inatosha ukutani ikiwa mbao zimekaribiana. Jembamba kuliko hilo nisingechukua, na kwa mita moja ya chini, upande wa barabara au wa zizi, ningelipia 28 bila kusitasita.

Unene peke yake hauelezi maisha ya bati. Chuma hukingwa na kile kilichopakwa juu yake. Mfaransa Stanislas Sorel alipata hataza ya kupaka chuma zinki mwaka 1837, miaka minane baada ya Mwingereza Henry Robinson Palmer kupata hataza ya bati lenye mikunjo, na mawazo hayo mawili ndiyo yanayoshikilia ukuta wako hadi leo: mikunjo hulipa bati jembamba uimara wa kusimama, zinki hujitoa mhanga kwa chuma. Zinki huliwa kwanza, hata pale bati lilipokatwa na chuma kubaki wazi, mradi jeraha ni dogo. Mabati mengi ya siku hizi yamepakwa mchanganyiko wa alumini na zinki. Soma maandishi yaliyochapwa mgongoni mwa bati: jina la kiwanda, geji, kiwango. Ukiona herufi AZ na namba, kwa mfano AZ150, maana yake ni gramu 150 za mchanganyiko huo kwa kila mita mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. Bati lisilo na maandishi yoyote liache palepale dukani, hata bei ikikuvutia vipi. Na yakague mabati yaliyopangwa moja juu ya jingine: yakilowa yakiwa yamebanana hutoa unga mweupe kati yake, na hapo zinki imeshaanza kuliwa kabla hujabeba mzigo nyumbani.

Pwani ina sheria yake. Mtu wa Mtwapa au Malindi hudhani ukuta unaopigwa na mvua ndio utakaooza mapema. Mara nyingi hutangulia ule uliofichwa chini ya upenu, kwa kuwa chumvi ya bahari hutua pale na mvua haifiki kuiosha. Mwenye kujua huosha kuta hizo kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara, na ukimkuta anafanya hivyo ujue nyumba yake imejengwa na mtu makini tangu msingi.

Sasa ukataji. Grinda ina kasi, na kwa sababu hiyo imeharibu mabati mengi. Cheche zake ni vipande vya chuma kilichoyeyuka. Vinapotua juu ya bati hujishikiza kwenye rangi, na baada ya mvua mbili tatu uso mzima una madoadoa ya kahawia. Makali yaliyopitiwa na grinda nayo huwa yameunguzwa kinga yake. Mkasi wa bati huchosha mkono lakini huacha ukingo safi. Ikibidi grinda itumike, bati likatwe mbali na mengine na chembe zifagiliwe siku hiyohiyo. Tena kuna jambo ambalo nikiliona huwa namvulia kofia aliyejenga: ukingo uliokatwa kwa mkono umefichwa juu, chini ya upenu, na ukingo wa kiwandani ndio umewekwa chini, panaporukiwa na matone ya mvua. Halimgharimu mtu chochote, linataka tu kufikiri kabla ya kuinua bati.

Mabati hupandiana, na namna yanavyopandiana husema mengi. Chunguza mvua ya eneo hilo huja na upepo kutoka wapi. Aliyejua kazi alianzia kona iliyo mbali na upepo huo, akaelekea unakotoka, ili kila bati jipya lilalie lililotangulia na mdomo wa maungio uupe upepo kisogo. Aliyeanza popote atakuwa na ukuta mzima unaotega maji. Uliza pia upana wakati wa kununua: upana unaotajwa na muuzaji ni wa bati zima, ilhali upana unaofunika ukuta ni ule unaobaki baada ya kupandiana. Wengi huishiwa mabati wakiwa wamebakiza kona moja, na hiyo kona hujazwa kipande cha rangi nyingine.

Skrubu za paa huwekwa juu ya mgongo, maji yasizifikie. Ukutani ni kinyume. Hapo bonde la bati limelala moja kwa moja juu ya mbao, skrubu inabana bila kuacha uwazi, na maji hayatuami kwa kuwa yanashuka wima. Ukiiweka mgongoni, bati linabonyea kila unapokaza. Angalia raba chini ya kichwa: iwe imebanwa ikajaa hadi ukingoni, isichomoze nje imepasuka, wala isizunguke ukiigusa kwa kidole. Skrubu iliyoingia mshazari hubana raba upande mmoja tu. Hesabu kumi za kwanza utakazoziona. Mbili zikiwa zimelala, aliyezifunga alikuwa na haraka kwenye zote. Na msumari wa kawaida usio na zinki ukiuona kwenye ukuta mpya, mstari wa kutu utakaoteremka chini yake hautakawia.

Chini, bati likikutana na slabu, ndipo nyumba nyingi hupotea. Kosa la kawaida ni kulikalisha bati juu ya slabu. Maji yanateremka ukutani, yanafika sakafuni, yanageuka ndani, na asubuhi mkeka umelowa. Inavyotakiwa, fremu ikae ukingoni mwa slabu na bati lipite nje yake, lishuke kama sentimita 5 chini ya usawa wa sakafu, ili maji yadondokee nje. Lisilalie saruji, maana unyevu wa saruji hula zinki na alumini, na lisiguse udongo: sentimita 15 za nafasi hadi chini ni kiasi kizuri, na kokoto zikimwagwa pale hupunguza matope yanayoruka. Chini ya mbao ya chini kabisa ya fremu pawe na karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu. Uwazi wa mikunjo uzibwe kwa waya wa wavu ule wa kuanikia kahawa, kwani panya hahitaji mlango mkubwa.

Dirisha ndilo mtihani wenyewe. Mtu asiyejua hutoboa shimo, hupachika fremu, kisha hupaka gundi ya silikoni pande zote akaridhika. Silikoni hukauka, bati hutanuka mchana na kusinyaa usiku, na msimu wa pili ufa umefunguka. Anayejua huyapanga mabati kama magamba ya samaki, la juu likilalia la chini kila mahali. Juu ya dirisha kuna kipande cha bati kilichokunjwa: mgongo wake umeingia nyuma ya bati la ukuta, na mdomo wake umetokeza mbele ya fremu. Kando zake zimekunjwa, na maji yanayoingia yanaelekezwa chini. Kizingiti cha chini kina mteremko wa kuelekea nje, tena kimejitokeza kidogo ili tone lidondoke badala ya kurudi ukutani. Ukitaka kuhakikisha, mwagia maji juu ya dirisha kutoka kwenye kopo, polepole, huku mwenzako akiwa ndani anatazama. Kama nyumba ni nzima bila silikoni, silikoni itakuwa nyongeza. Kama inategemea silikoni, bado haijajengwa.

Ndani, usidanganywe na mapambo. Bati tupu huchoma saa nane mchana na kutoa jasho alfajiri. Watu wa Limuru na Kinangop wanaijua hali hiyo: mvuke wa pumzi na wa sufuria unakutana na bati baridi, matone yanatiririka hadi kitandani. Kinachosaidia ni mbao nyepesi au plaiwudi ndani, ikiachiwa nafasi ya hewa nyuma yake, na matundu ya hewa juu, chini ya upenu, pande mbili zinazotazamana. Ukipiga ukuta wa ndani usikie sauti ya ubao mkavu. Rangi ya nje nayo ina neno: nyekundu iliyokoza na kijani kibichi hupendwa, lakini rangi nyepesi ndiyo hupoza chumba.

Umeme sitauzungumzia kwa upole. Ukingo wa bati ni kisu. Waya ukipitishwa kwenye tundu tupu, mtikisiko wa upepo utakata plastiki yake kidogo kidogo, na siku shaba itakapogusa bati, nyumba nzima itabeba umeme, pamoja na kitasa cha mlango. Kila waya upite ndani ya paipu ya plastiki, kila tundu liwe na pete ya raba, na mabati yaunganishwe na waya wa ardhi kupitia fundi umeme aliyesajiliwa. Nikiona waya umebanwa kati ya bati na mbao, sihitaji kuendelea kukagua.

Jambo la mwisho hupuuzwa na wengi kwa sababu halionekani leo. Wengi wanaojenga kwa mabati wananuia kujenga kwa mawe kwenye ploti hiyohiyo baadaye. Ukuta uliofungwa kwa skrubu hufunguka kwa drili asubuhi moja, mabati yakatoka mazima, yakawa jiko, banda la kuku au ua. Ule wa misumari hung'olewa kwa nyundo, na kila bati linatoka na midomo iliyochanika. Kwa hiyo ukinunua mabati yaliyotumika, tafuta yale ya geji nene yenye matundu madogo ya mviringo kwenye mabonde, yaliyonyooka mstari. Yalitoka kwenye nyumba iliyojengwa vizuri, na mara nyingi yatakufaa kuliko bati jipya jembamba la bei hiyohiyo. Yapige brashi, ziba matundu kwa skrubu nene kidogo yenye raba mpya, na uweke ukingo wake mzuri chini.