Nani alifunga bolti? Vitabu vya Vita ya Kagera vikisomwa na mtu wa metali

Mwaka 2015 Tom Cooper na Adrien Fontanellaz walitoa kitabu kinaitwa Wars and Insurgencies of Uganda 1971–1994, kwenye mfululizo wa Africa@War. Kama unapenda ndege za kivita, kiukweli ni kitabu kitamu. Kuna michoro ya rangi ya MiG kutoka ubavuni, rangi zake, alama za mabawani, kila kitu. Baada ya hapo nikarudi kwenye War in Uganda cha Tony Avirgan na Martha Honey, cha mwaka 1982, ambao wenyewe waliandamana na jeshi letu. Halafu Kuzama kwa Idi Amin cha Baldwin Mzirai, 1980, kwa Kiswahili chetu. Vitabu vitatu, na katika vyote nilikuwa namtafuta mtu mmoja tu: fundi wa ndege.

Rubani yupo. Jenerali yupo. Mpiga kombora yupo. Fundi anapita kama kivuli. Kwa Cooper na mwenzake, matengenezo yanaingia pale yanapohitajika kueleza kwa nini ndege fulani haikuruka, basi. Ni kama kusimulia mechi kwa kutaja idadi ya wachezaji waliokuwa benchi bila kusema walikuwa na malaria.

Labda utasema hili ni lalamiko la mwanafunzi wa sayansi ya vifaa anayetaka kila mtu azungumzie vifaa. Sawa. Lakini ngoja tupige hesabu kidogo.

Wakati vita inaanza Oktoba 1978, Tanzania ilikuwa na ndege za Kichina za mifano ya MiG-17 na MiG-19, pamoja na MiG-21 za Kisovieti. Ile ya mfano wa MiG-19, yaani J-6, ina injini mbili, na kila moja ilitakiwa kufumuliwa yote baada ya takribani saa 100 za kuruka. Saa 100! Safari moja ya ndege ya aina hii tuiweke dakika 40. Dakika 6,000 gawa kwa 40, unapata safari 150. Ukiirusha mara moja tu kwa siku, ndani ya miezi mitano injini inatakiwa itoke kwenye ndege. Vita ilikwenda mpaka Juni 1979, kama miezi minane. Kwa hiyo swali la ndege ngapi zinaweza kuruka Machi 1979 linaanzia kwa mtu mwenye daftari anayehesabu saa za injini. Jenerali anakuja baadaye, anaambiwa zipo ngapi.

Kwa nini saa chache hivyo? Ndani ya injini ya jeti kuna mapanga madogo ya tabaini yanayozungushwa na hewa ya moto. Yanavutwa kwenda nje kwa nguvu ya mzunguko huku yakiwa kwenye joto linaloweza kuyafanya yawe mekundu. Metali ikivutwa ikiwa kwenye joto la namna hiyo hairudi ilivyokuwa. Inarefuka kidogo kidogo, kila saa kidogo, mpaka ncha ya panga inakaribia kugusa ganda la injini. Injini ya lori haina tatizo hili kwa kiwango hicho. Ukipita barabara ya Lusahunga kwenda Rusumo utaona lori la kwenda Rwanda limepigwa jeki, fundi kalala juu ya boksi, na kesho yake lori liko njiani. Huyo fundi nina heshima naye sana, lakini anafanya kazi na mashine inayokusamehe. Injini ya ndege ya kivita ya miaka ya 1950 iliundwa kwa hesabu nyingine: nguvu nyingi, uzito mdogo, maisha mafupi.

(Kwa wanaopenda ukoo wa mashine: injini ya MiG-17 ni mjukuu wa Rolls-Royce Nene, ambayo serikali ya Uingereza iliruhusu wauziwe Wasovieti mwaka 1946. Historia ina utani wake.)

Sasa ukiwa na hesabu hii mkononi, upande wa Uganda unasomeka tofauti kabisa. Mwaka 1972 Amin akawafukuza Waisraeli, ambao walikuwa wakifundisha jeshi lake la anga. Novemba 1975 uhusiano na Moscow ukavunjika kwa muda, sababu ikiwa Angola. Julai 1976 makomandoo wa Israeli wakaja Entebbe kuwachukua mateka, na wakati wa kuondoka wakateketeza MiG kadhaa zilizokuwa zimeegeshwa. Vitabu vyetu vinasimulia matukio haya kama siasa, na ni siasa kweli. Ila kwa macho ya gereji, kila tukio lilimwondoa mwalimu, likakata njia ya vipuri, au likaunguza mashine yenyewe. Unaweza kununua ndege mpya mwaka unaofuata. Mtu anayejua sili gani ya mpira inavuja ikifika mwaka wa nne, huyo hununui.

Avirgan na Honey wanapaswa kusifiwa kwa jambo moja: hawafichi aibu zetu. Ndege tatu za Tanzania ziliangushwa na wadunguaji wetu wenyewe maeneo ya Musoma mwanzoni mwa vita. Pia tunakumbuka Tu-22 ya Libya iliyotumwa kupiga Mwanza Machi 1979, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama. Visa vya namna hii vinasimulika vizuri kijiweni. Ufa wa milimita mbili kwenye tundu la ribiti hausimuliki, na hapo ndipo ninapowalaumu waandishi wote watatu. Ufa ule nao ni tukio. Chuma cha pua, ukikipa mzigo mdogo wa kutosha, kinaweza kuubeba bila kuchoka. Aluminiamu haina huruma hiyo: hata mzigo mdogo, ukirudiwa mara nyingi mno, mwisho unazaa ufa. Bawa la ndege ni aluminiamu. Kwa hiyo kila kupaa kunaandikwa ndani ya bawa, na fundi ndiye anayejaribu kuusoma huo mwandiko kwa rangi inayopenya kwenye nyufa, kwa lenzi, kwa eksirei kama anayo.

Ninachokiona kikubwa zaidi ni kwamba vitabu hivi vinaiacha ndege pale vita inapoisha. Entebbe ilitekwa Aprili 1979, MiG zikakutwa uwanjani, ukurasa unafungwa. Ndege haiishi hapo. Inakaa. Mvua inaingia, ndege wa kweli wanajenga viota kwenye bomba la injini, mpira unakauka na kupasuka. Mapenzi ya watu kwa ndege za zamani, ya huku na ya Ulaya, yanajengwa na picha za namna ya Cooper na Fontanellaz: ndege safi, imepakwa rangi, kana kwamba haijawahi kulala nje.

Vitu viwili kwenye ndege hizo havioni uzee kama tunavyodhani. Cha kwanza ni kiti cha kumrusha rubani. Kina fataki za kulipuka zenye tarehe ya mwisho wa matumizi, na zikipita tarehe hiyo hazigeuki kuwa salama, zinageuka kuwa hazitabiriki. Hawker Hunter ilipoanguka Shoreham, Uingereza, Agosti 2015 na kuua watu 11, wachunguzi walieleza kuwa ndege haikuwa na kimo cha kutosha kwa mzunguko ule. Lakini pia walilazimika kuzungumzia hatari ya viti hivyo kwa waokoaji waliofika pale.

Cha pili ni vipimo. Kwenye ndege nyingi za miaka ya 1940 na 1950 mishale na namba zilipakwa rangi yenye radiamu ili ziwake gizani. Rangi inayowaka huharibika, kwa hiyo leo kipimo hakiwaki na mtu anadhani kimekufa. Radiamu-226 hupungua nusu kwa miaka 1,600. Kwa miaka 60 imepungua chini ya asilimia 3. Kipimo kikiwa na kioo chake, kinakaa kabatini bila kukushtua sana. Ukikivunja ili utoe shaba, vumbi lile likaingia mdomoni, ni habari nyingine. Mwenye mamlaka ya vitu hivi hapa nchini ni Tume ya Nguvu za Atomiki, na muuza skrepa wa Nyakahura hana sababu yoyote ya kulijua hilo.

Naandika hivi kwa sababu natokea upande huo. Ngara na Biharamulo hatukuwa na kiwanja cha MiG. Ukimwambia mtu wa Ngara neno vita, wengi watakutajia Rusumo mwishoni mwa Aprili 1994, watu kama 250,000 wakivuka ndani ya muda wa siku moja. Lakini chuma cha vita hakiulizi ni vita gani. Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga wilayani Ngara, bomu la mkono lililodhaniwa ni chuma chakavu lililipuka. Wanafunzi watano walikufa, zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Watoto wale hawakukosa ushujaa wala historia ya mashujaa, ambayo tunaifundisha kila mwaka. Walikosa sentensi mbili za namna chuma cha vita kinavyozeeka.

Kwa hiyo nikiulizwa kitabu gani nisome kuhusu ndege za vita hii, bado nitasema Cooper na Fontanellaz kwa mashine, Avirgan na Honey kwa watu, Mzirai kwa kujua tulivyojisimulia wenyewe mwaka mmoja tu baada ya vita. Kitabu cha nne hakijaandikwa. Fundi aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1978 leo amevuka 70, na huenda ni babu yako au jirani wa shangazi yako kule Biharamulo mjini. Ukimpata, shikamoo kwanza, simu iwe inarekodi kwa ruhusa yake, na usianze na Amin. Muulize saa za injini alikuwa anaziandika wapi, na sili zilipoisha alitumia nini.