Kisigino Kilichoponea Ngazini

Simama kwenye mstari wa kuanzia Kilimanjaro Marathon, pale Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kisha uinamishe macho. Utaona tepu za buluu, waridi na nyeusi zimebandikwa kwenye mashavu ya miguu kama mapambo ya harusi. Nusu ya pili ya njia hupanda kuelekea Mweka, na penye mlima kano ya kisigino ndiyo hulipa deni. Kano hiyo ni ule ugwe mnene unaofunga misuli ya shavu la mguu kwenye mfupa wa kisigino. Kila hatua ya mbio huivuta kwa nguvu inayozidi uzito wa mwili wako mara sita au zaidi. Je, katika matibabu yote yanayouzwa kwa jina la kinesiolojia, yapi yanaiandaa kwa kazi hiyo?

Kinesiolojia ni elimu ya jinsi mwili unavyojongea, lakini sokoni jina hilo limebandikwa kwenye bidhaa nyingi. Tepu ilibuniwa na Mjapani Kenzo Kase mwaka 1979. Ilipata umaarufu mkubwa kwenye Olimpiki ya Beijing 2008, wakati televisheni zilipoonyesha bega la Kerri Walsh, Mmarekani wa voliboli ya ufukweni. Watafiti waliwahi kuwabandika watu tepu hiyo bila kuwaambia ni ya nini, wakapima nguvu za misuli yao. Hazikuongezeka. Inaweza kutuliza maumivu kidogo kwa muda, basi. Mimi nina roli moja kabatini na sijaitupa, maana siku ya mbio hata moyo unahitaji bandeji.

Kupima misuli kwa kuukandamiza mkono wa mteja ili kujua mwili wake umepungukiwa nini, mbinu aliyoianzisha George Goodheart huko Detroit mwaka 1964, kulichunguzwa mwaka 1988. Wapimaji watatu wazoefu walipewa watu 11. Hawakuafikiana wao kwa wao, wala na vipimo vya maabara. Tuliache hapo.

Mchua misuli nisimguse vibaya, kwa sababu wengi wetu tumeinuka kwenye kitanda chake tukijiona wapya. Ila uchambuzi wa tafiti 29, uliochapishwa mwaka 2020, uliona kwamba kuchua hakuongezi kasi wala nguvu. Hulegeza viungo kidogo na kupunguza yale maumivu ya kesho yake.

Kilichobadilisha mambo kilitokea Umeå, kaskazini mwa Sweden. Håkan Alfredson, daktari wa upasuaji wa mifupa na mkimbiaji, aliumwa kano ya kisigino kwa muda mrefu. Kisa chake kimesimuliwa mara nyingi: alimwomba mkuu wake amfanyie upasuaji, akakataliwa, kwa kuwa kano haikuwa imekatika na idara isingemudu kumkosa kazini. Alfredson akaamua kuikata mwenyewe kwa mazoezi. Akawa anasimama kwenye ngazi na kuushusha mguu mbovu, akitafuta maumivu makusudi. Kano ikagoma kukatika. Ikapona.

Mwaka 1998 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya wanamichezo wa kujifurahisha 15 waliofuata njia hiyo. Unasimama ukingoni mwa ngazi kwa sehemu ya mbele ya nyayo. Unainuka kwa mguu mzima, unahamishia uzito kwenye mguu mbovu, kisha unakishusha kisigino taratibu mpaka kipite chini ya ukingo. Kurudi juu ni kazi ya mguu mzima tena. Mbovu unashuka tu. Mara 15, seti tatu, goti limenyooka. Kisha seti tatu nyingine goti limekunjwa kidogo, ili msuli wa ndani wa shavu nao ubebe. Asubuhi na jioni, kila siku, kwa wiki 12. Ni mara 180 kwa siku, jumla 15,120. Maumivu yanaruhusiwa mradi mguu haushindwi kazi, na yakiisha unavaa begi lenye uzito mgongoni. Wote 15 walirudi kwenye mbio zao.

Hapa ndipo tepu inaposhindwa. Kano hupata damu kidogo kuliko misuli, hivyo hubadilika polepole, na kinachoibadilisha ni mzigo. Mapafu yako yatazoea kilomita 20 kabla kisigino hakijazoea. Tepu na mkono wa mchuaji haviongezi mzigo wowote.

Watu 15 hawatoshi kuwa sheria, na hawakugawanywa kwa bahati nasibu. Tafiti za baadaye zilionyesha pia kwamba maumivu yaliyo pale kano inapoungana na mfupa hayaitikii mazoezi haya vizuri kama yale ya katikati yake. Nchini Denmark, mwaka 2015, wagonjwa 58 walilinganishwa: wengine ngazi ya Alfredson, wengine uzito mkubwa kwa mwendo wa polepole mara tatu kwa wiki. Matokeo yalikaribiana, ila kundi la pili lilitumia takriban theluthi ya muda. Kwa mtu anayetoka kazini saa 12 jioni na kupanda daladala, hilo si jambo dogo.

Na si lazima kuacha kukimbia. Utafiti wa Sweden wa mwaka 2007 uliwaruhusu wagonjwa waendelee ilimradi maumivu yasizidi 5 kati ya 10, na hawakuharibikiwa. Ukisikia mlio wa kukatika nyuma ya mguu, hiyo si kazi ya ngazi. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mbio za Moshi huangukia mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Ukihesabu wiki 12 kurudi nyuma, unaanza mazoezi ya ngazi ifikapo mwanzoni mwa Desemba.