Upatanisho Usiosikika: Uhakiki wa Ufungamanishaji wa Data katika Programu za Biashara

Ufungamanishaji wa data ni mbinu ya kuunganisha kile kionekanacho kwenye kioo cha tarakilishi na thamani iliyohifadhiwa ndani ya programu, ili moja ibadilikapo nyingine ifuate. Mbinu hii ilienea katika programu za ofisi baada ya Visual Basic 3.0 ya mwaka 1993, ikapanuliwa mno katika Windows Presentation Foundation, yaani WPF, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2006.

Kwa mwanaisimu wa Kiswahili jambo hili si geni. Katika sentensi "Kitabu kikubwa kimepotea", nomino ndiyo itawalayo. Ikigeuka kuwa "vitabu", kivumishi na kitenzi hugeuka nayo. Vivyo hivyo, mtunzi wa programu hutangaza mara moja kwamba kisanduku fulani cha ankara kifuate sifa iitwayo "Jumla", na mfumo huutekeleza upatanisho huo. Kabla ya hapo alilazimika kuandika amri ya kuonyesha na amri ya kuhifadhi kwa kila kisanduku. Ankara yenye visanduku ishirini ilidai amri arobaini, na moja ikisahauliwa, hesabu iliharibika. Faida ya mbinu hii, basi, haina ubishi.

Hata hivyo, ulinganisho huo ndio unaofichua kasoro yake. Msemaji akitamka "kitabu mkubwa", msikilizaji hushtuka papo hapo. Katika WPF, mtunzi akikosea herufi moja katika jina la sifa, akaandika "Jumula" mahali pa "Jumla", kwa kawaida programu haisimami wala haimwonyi mtumiaji. Kosa huandikwa katika kumbukumbu za mtunzi tu, na karani huona kisanduku kitupu. Karani hana njia ya kujua kama deni halipo au halikuonyeshwa.

Kasoro ya pili yahusu lugha yenyewe. Ufungamanishaji wa WPF, usipoelekezwa vingine, huandika tarehe na tarakimu kwa kanuni za Kiingereza cha Marekani, hata kama tarakilishi imewekewa kanuni za nchi nyingine. Kwa hiyo tarehe 3 Aprili 2024, katika umbo fupi, huonyeshwa 4/3/2024. Karani wa Nairobi, aliyezoea kutanguliza siku, ataisoma kuwa 4 Machi, na mteja atahesabiwa kuwa amechelewa kulipa karibu mwezi mzima. Hapa kisanduku hakikuwa kitupu. Kimejaa, tena kinaaminika, na kwa hiyo hatari yake ni kubwa kuliko ya kile cha kwanza.

Watetezi wa mbinu hii husema kwamba mtunzi hodari huweza kutaja lugha itakiwayo na kuchunguza kumbukumbu za makosa. Ni kweli, lakini utetezi huo humrudishia mtunzi mzigo uleule ambao mbinu iliahidi kumtua. Aidha, Microsoft yenyewe ilionyesha kwamba njia bora yawezekana. Mwaka 2015, pamoja na Windows 10, ilileta x:Bind kwa ajili ya jukwaa jipya la programu, ambayo hukagua majina wakati programu inapotafsiriwa kuwa lugha ya mashine, kabla haijamfikia karani. WPF yenyewe haikupewa njia hiyo, ilhali programu nyingi za biashara zilikwisha jengwa juu yake.

Upatanisho wa lugha hauthaminiwi kwa sababu humpunguzia msemaji kazi tu. Huthaminiwa pia kwa sababu ukivunjika husikika, na asikiaye huweza kusahihisha. Ufungamanishaji wa data katika WPF umetimiza sharti la kwanza kwa ustadi mkubwa, ukaliacha la pili mikononi mwa mtunzi, ambaye hayupo karani asomapo ankara. Mfumo ufichao kutopatana kwake haujastahili kuaminiwa na hesabu za watu.