Ufundi wa Naheed Nenshi

Sisi wa Gasenyi, kaskazini mwa Bujumbura, tunaishi jirani na madaraka makubwa. Ikulu ya Ntare Rushatsi, iliyojengwa kwa msaada wa China, iko mtaani kwetu. Hata hivyo, siasa ninayoipenda ni ile ndogo, ya kukaa na watu waliogombana na kuwasikiliza mpaka mwisho. Bashingantahe, wazee wa usuluhishi, waliifanya kazi hiyo nchini mwetu Burundi kwa karne nyingi, fimbo mkononi, na hawakuruhusiwa kuharakisha neno. Mwanasiasa wa leo ninayemwona ana subira ya aina hiyo yuko mbali, katika jimbo la Alberta, Kanada, ingawa asili ya familia yake ni hapa jirani, Tanzania.

Naheed Nenshi alizaliwa Toronto mwaka 1972, muda mfupi baada ya wazazi wake, Waismailia, kuhama Tanzania. Alikulia Calgary, mji wa mafuta, akasoma biashara huko, akaenda Harvard kusomea sera za umma, kisha akarudi kufundisha katika Chuo Kikuu cha Mount Royal. Oktoba 2010 alichaguliwa kuwa meya, Mwislamu wa kwanza kuongoza mji mkubwa Amerika ya Kaskazini. Katika kampeni aliahidi kuzungumza siasa kwa sentensi kamili, maana yake kueleza jambo lote, pamoja na sehemu zake ngumu. Ahadi hiyo ni rahisi kuitoa. Kuitimiza ndiko kunakomchosha mtu.

Chukua suala la vyumba vya chini ya nyumba. Calgary ilikuwa na uhaba wa nyumba za kupanga, na familia nyingi zilikuwa na sehemu ya chini ambayo zingeweza kuipangisha. Lakini katika mitaa mingi mwenye nyumba alilazimika kuomba ruhusa kwa baraza la mji, ombi moja moja. Watu walisimama mbele ya madiwani wakieleza mambo yao ya ndani: ugonjwa, mzazi mzee, deni la nyumba. Majirani nao walikuja kupinga, wakihofia magari kujaa barabarani. Vikao vilichukua saa nyingi, naye meya alikuwa kwenye kiti, akisikiliza. Aliutaka utaratibu huo ubadilishwe tangu alipoingia ofisini, lakini meya wa Calgary ana kura moja tu kama diwani yeyote. Pendekezo liliposhindwa, lilirudishwa. Madiwani walibadilika, hoja ikaelezwa upya kwa wapya. Baraza lilikubali mwaka 2018. Miaka minane kwa ajili ya vyumba vya kupanga! Wengi wangeuona ushindi mdogo. Kwangu mimi hapo ndipo ufundi wake unapoonekana wazi zaidi kuliko mahali pengine popote.

Ulimwengu ulimjua kwa jambo lingine. Juni 2013 mito ya Bow na Elbow ilifurika Calgary na makumi ya maelfu ya watu wakahamishwa. Nenshi alijitokeza mara kwa mara mchana na usiku kusema maji yamefika wapi, nani ahame na aende wapi, hadi wananchi wakaanza kumwomba akalale. Miezi michache baadaye, Februari 2014, maji yalivamia mitaa ya kaskazini mwa Bujumbura usiku na kuua watu zaidi ya 60. Aliyeona usiku ule anajua thamani ya sauti moja inayoaminika, inayotamka wazi ni mtaa gani uko hatarini.

Aliondoka umeya mwaka 2021, na Juni 2024 akachaguliwa kuongoza chama cha NDP cha Alberta kwa asilimia 86 ya kura. Hapo kazi ilibadilika. Mabaraza ya miji huko hayakuendeshwa kwa vyama. Siasa ya jimbo ni ya vyama kabisa, na jimbo ndilo lenye hospitali, shule na mafuta ya ardhini. Hapa kwetu gavana wa mkoa huteuliwa na rais. Kule kiongozi wa serikali ya jimbo lazima apate wingi bungeni. Nenshi alikaa mwaka mzima akiongoza chama bila kiti, mpaka aliposhinda uchaguzi mdogo wa Edmonton-Strathcona Juni 2025. Je, sentensi kamili zinafaa katika ukumbi ambamo kila upande unamkatiza mwenzake? Naamini zinafaa, ila zitahitaji muda mrefu zaidi.

Uchaguzi mkuu wa Alberta umepangwa kufanyika Oktoba 2027. Matokeo yoyote yatakayokuja, nawasihi vijana wa Gasenyi, Kamenge na Kinama wanaotamani uongozi wa komini wamsome mtu huyu, na waanzie kwenye ile miaka minane ya vyumba vya kupanga.