Machale ya Mtaa wa Uhuru

Kuna kamba mlangoni mwa duka moja la jumla la khanga, Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam, ambayo kwa miaka nilidhani ni ya kutundikia mali kama kamba za maduka mengine yote. Imefungwa kwenye misumari miwili, chini kidogo kuliko inavyostahili, hata mtu mrefu akiingia hana budi kuinama. Nilishakunywa kahawa pale barazani mara nyingi ndipo nikatambua kuwa khanga inayotundikwa kwenye kamba ile haiuzwi.

Mwenye duka ni mzee ambaye babu yake alishuka na jahazi kutoka Kutch. Yeye mwenyewe kazaliwa Kariakoo, na Kiswahili chake kakiokota kwa wateja, kina mama waliokuwa wakimpakata huku wakibishana bei na baba yake. Mchoro mpya unapotoka, huagiza doti moja tu ya majaribio, akaitundika asubuhi, kisha akakaa kwenye benchi na kujifanya anapiga hesabu. Hamuulizi mtu kitu. Anatazama nani anasimama. Rangi ndiyo inayomsimamisha mtu, anasema, lakini jina ndilo linalomtoa hela. Kwa hiyo, mteja akishasimama, mzee huacha kutazama macho akatazama midomo.

Mwanamke akisoma jina kwa sauti, akacheka, akawaita wenzake nao wakacheka, mzee anapiga mstari kwenye daftari: hapana. Akisoma kimya, akapiga hatua mbili, akageuka kulisoma tena, anaweka nukta. Mara ya kwanza nilipoliona hilo nilidhani kakosea.

"Shikamoo mzee. Mbona lililowachekesha ndilo unalolikataa?"

"Marahaba. Anayecheka hapa amemaliza, mwanangu. Anayenyamaza anakwenda nalo nyumbani."

Nimekaa kwenye vikao vingi vya biashara maishani mwangu, vya chai na sambusa na vya kiyoyozi kikali, na sijapata kusikia mtu akieleza soko kwa maneno machache hivyo.

Lakini kamba peke yake si ufundi. Kamba hata mimi naweza kuifunga. Ufundi niliuona siku kamba ilipokubali naye akakataa. Ilikuwa khanga ya rangi ya damu ya mzee, mji wake umejaa korosho, jina: Nimekusikia, sikujibu tu. Daftari lilijaa nukta. Mwanawe, kijana aliyesomea biashara na kufaulu vizuri, alishapiga simu kiwandani kuuliza nafasi. Mzee akaishusha khanga, akaipapasa pindo, akaikunja mara nne na kuiweka chini ya meza.

"Hapana."

"Baba, kwa sababu gani?"

"Machale yananicheza."

Kijana alinitazama mimi kama shahidi wa dhuluma. Nami, nikiri, nilikuwa upande wake. Sababu haikuwepo, mzee mwenyewe hakuwa nayo. Ilimjia kesho yake, tukipanda ngazi kwenda stoo, akasimama katikati na mkono kwenye ukuta. "Mfungo unaingia," akasema. "Nani atampelekea mkwewe maneno yale?" Ndivyo ilivyo: karibu na Ramadhani na Idi khanga hainunuliwi kwa ajili ya anayesimama mlangoni. Hununuliwa kwa ajili ya mama, wifi, mkwe, na jina hufika kabla ya salamu za mletaji. Wale waliolisoma kimya walikuwa wanalitaka wao, na mwezi ule wasingenunua la kwao. Jambo hilo mzee alilijua tangu jana, ila lilikuwa halijafika mdomoni.

Herbert Simon, Mmarekani aliyepewa Nobeli ya uchumi mwaka 1978, alishikilia kwamba hisia ya namna hiyo si muujiza. Ni utambuzi tu: akili imeona kitu kinachofanana na vingine elfu ilivyokwisha kuviona, ikatoa jibu bila kuonyesha njia. Nadhani Simon angeelewana sana na yule mzee pale ngazini.

Biashara ya pwani yetu imesimama juu ya utambuzi huo tangu zamani. Katika karne ya 19, msafara uliotoka Bagamoyo kwenda bara na shanga za rangi isiyopendwa huko uendako ulikuwa umebeba mchanga. Richard Burton alizitaja aina za shanga karibu 400, na kila nchi ilikuwa na zake za kutaka na za kukataa. Baadaye viwanda vya Uholanzi, kikiwemo kile cha Helmond tunachokijua leo kwa jina la Vlisco, vikawa vinapiga chapa nguo za kina mama wa Unguja, zikasafiri kwa meli kuwafuata watu ambao huenda walishabadili mawazo. Pale Mombasa, ukoo wa Kaderdina Hajee Essak, ulioanza biashara mwaka 1887, umejenga jina la Mali ya Abdulla kwa kazi hiyohiyo ya kubashiri moyo wa mwanamke kabla hajaufungua. Hao hawakuwa na takwimu. Walikuwa na baraza.

Sisi tuna takwimu. Kampuni moja niliyoitumikia iliwahi kutoa sabuni ya unga ya pakiti kubwa kwa kuwa hojaji ilisema kina mama wanaitaka. Waliitaka kweli. Hakuna aliyewauliza jioni wana shilingi ngapi kwenye upindo wa khanga. Mwenye genge nyuma ya nyumba yangu, anayepima mafuta ya kula kwa kikombe kidogo, angetuambia bure, na mimi niliyenunua nyanya kwake kila siku sikufikiria kumuuliza. Tulikuwa na ripoti ya kurasa nyingi.

Wakubwa kuliko sisi wameanguka shimo hilohilo. Mwaka 1985 Coca-Cola walibadili ladha ya soda yao baada ya kuwaonjesha watu wapatao 200,000, na wengi waliipenda mpya. Siku 79 baadaye ya zamani ikarudishwa kwa aibu. Waonjaji walipiga funda moja, wakatabasamu, wakaweka kikombe chini. Mzee angepiga mstari kwenye daftari.

Kwa upande mwingine yupo Akio Morita wa Sony, aliyeitoa Walkman mwaka 1979 huku watu wake wakimwambia hakuna atakayenunua chombo cha kaseti kisichoweza kurekodi. Hadithi hiyo hupendwa sana na wakurugenzi, na ndiyo inayoniudhi, maana huisimulia kuanzia katikati. Hawasimulii kinasa sauti kizito cha mwaka 1950 ambacho Morita alihangaika kukiuza. Watu wakaja, wakakisikiliza, wakastaajabu, wakaenda zao. Mtu aliyetazama migongo ya wateja wakiondoka kwa namna ile ana haki ya kuambiwa mwaka 1979 kwamba ana machale. Anayeamka asubuhi na wazo na kuwaamuru watu walitekeleze ana cheo tu.

Maana machale nayo hudanganya sana. Nimewaona wakubwa wakimkataa kijana kwenye usaili kwa kuwa "moyo haukumpokea", na moyo wenyewe ulikuwa umesikia lafudhi yake. Mwaka 2009 Daniel Kahneman, aliyezishuku hisia za wataalamu, na Gary Klein, aliyezisifu, waliandika pamoja, na kwa sehemu kubwa wakakubaliana: hisia ya kuaminika huota pale ambapo mambo yana mpangilio fulani, na mtu amekaa muda mrefu akipata majibu ya makosa yake. Yule mzee hupata jibu lake Ijumaa, korija zikitoka au zisitoke. Mkurugenzi wa siku hizi huamua Januari, huhamishwa au kupandishwa kabla jibu halijarudi, na makosa yake humpokea mwingine mlangoni. Atajifunzia wapi? Anazeeka kazini bila kukomaa.

Katika stoo ya mzee, ghorofani, mkono wa kushoto ukimaliza ngazi, kulikuwa na marobota matatu ya khanga za zambarau. Aliziagiza alipokuwa kijana, mwaka wa kwanza baba yake alipomwachia kalamu. Hakununua mtu. Hata bei ya hasara hazikutoka. Rangi ilikuwa nzuri na jina lilikuwa na vina. Alilitunga mwenyewe, na hilo ndilo lilikuwa kosa, anasema, kwa sababu lilisema analolitaka mwanamume kusikia kutoka kwa mwanamke. Marobota yale aliyaweka mahali ambapo lazima uyapite kwa ubavu kufika kwenye mali nyingine. Kila alipopanda, bega lake liligusa gunia. "Hii ndiyo ada yangu ya shule," alinieleza, akilipigapiga robota kama mtu anavyompigapiga ng'ombe. Sijui ni kampuni gani nyingine yenye kosa lake kubwa kuliko yote mahali ambapo mwenye mali atajikwaa nalo kila siku.

Miaka hii michache kamba haina kazi nyingi. Kijana hupiga picha mchoro na kuurusha kwenye kundi la WhatsApp la wauzaji wa mikoani, kisha anahesabu vidole gumba. Simlaumu, oda za Mwanza na Kigoma zinaingia kabla ya saa nne, na mchoro uliotoka leo unaigwa kesho na mtu ambaye hana hata duka. Hakuna anayeweza kumngoja mwanamke apige hatua mbili ageuke. Hata hivyo namwona mzee, akionyeshwa simu, akiisogeza mbali na macho, akitafuta midomo ambayo kwenye kioo kile haipo.

Mwezi uliopita nilipita kumsalimia. Kwenye kamba palikuwa na chaja za simu, zinauzwa. Nikapanda naye stoo, yeye mbele, taratibu, na juu kabisa nikageuka ubavu kwa mazoea. Hapakuwa na cha kukipisha. Sakafu ilikuwa na miraba mitatu ya rangi hafifu pale vumbi lilipokuwa halijafika.

Kijana kayauza kwa mafundi wa gereji, kwa kilo, ya kufutia mikono.

"Imepatikana nafasi," mzee akasema, akapita katikati, bado kajikunja bega.